Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Vyama vya Herufi za Kigiriki na Huduma kwa Jamii katika Vyuo vya Marekani

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Marekani, pamoja na wazazi wao walioko nyumbani, huuliza tena na tena pindi kijana anapopiga simu na kusema kwamba amealikwa kwenye kikao cha chama chenye jina la Kigiriki. Umejikita katika programu za matawi na kazi za kujitolea, kwa kuwa hapo ndipo chama huonekana kilivyo. Vyama vya Wamarekani Weusi vimepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndivyo wanafunzi wetu wengi hualikwa kujiunga navyo, na kwa sababu historia yao ya huduma ina mengi ya kufundisha.

## Mambo ya msingi

Fratenati na sororiti ni nini hasa?

Ni vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyojitambulisha kwa herufi za Kigiriki, kwa kawaida mbili au tatu. Fratenati ni ya wanaume na sororiti ni ya wanawake. Chama cha kwanza kutumia herufi hizo, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William & Mary huko Virginia, lakini hicho sasa ni chama cha kuwaenzi wanafunzi waliofaulu vizuri. Vinavyozungumzwa hapa ni vyama vya kindugu, ambamo mwanachama huapishwa akiwa mwanafunzi na, hasa kwa Wamarekani Weusi, huendelea na uanachama hadi uzeeni kupitia matawi ya wahitimu.

Tawi ndilo linalofanya kazi. Makao makuu ya taifa hutoa miongozo, hupokea sehemu ya ada na huadhibu panapotokea makosa, lakini anayebeba maboksi siku ya Jumamosi ni mwanachama wa tawi.

Wazazi wangu wanauliza kama hawa ni Freemason. Niwajibu nini?

Wajibu kwa heshima, kwa maana swali lao ni la haki. Vyama hivi si Freemason, wala si dini. Ni kweli kwamba taratibu za kuapisha wanachama hufanyika faraghani na hazisimuliwi nje, lakini majina ya viongozi, mahali pa makao makuu, ada na programu zao ni mambo ya wazi.

Hata hivyo usiwaambie wazazi kwamba hakuna la kufikiria. Baadhi ya vyama vina sala na maandiko ya Kikristo ndani ya taratibu zao, na mwanafunzi Mwislamu anapaswa kuulizia jambo hilo kabla ya kujaza fomu. Wapo pia Wakristo wa Marekani waliojitoa hadharani kwa kuona kwamba viapo hivyo haviendani na imani yao. Uliza mapema, na ukijibiwa kwa kuzungushwa, hiyo nayo ni taarifa.

Divine Nine ni akina nani?

Ni vyama tisa vya Wamarekani Weusi vilivyo chini ya baraza moja, National Pan-Hellenic Council, lililoundwa mwaka 1930 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Fratenati ni Alpha Phi Alpha (1906), Kappa Alpha Psi na Omega Psi Phi (zote mbili 1911), Phi Beta Sigma (1914) na Iota Phi Theta (1963). Sororiti ni Alpha Kappa Alpha (1908), Delta Sigma Theta (1913), Zeta Phi Beta (1920) na Sigma Gamma Rho (1922). Vitano kati ya hivyo vilizaliwa Howard penyewe. Kwame Nkrumah alikuwa mwanachama wa Phi Beta Sigma, Martin Luther King Jr. wa Alpha Phi Alpha, na Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha.

Sororiti nyingine 26, nyingi zikiwa zimeanzishwa na wanawake Weupe, zina baraza lao lililoanza mwaka 1902, na fratenati za aina hiyo zina mabaraza yao pia. Tofauti za mwenendo wa huduma kati ya pande hizi zinaelezwa katika swali kuhusu kujitolea na kuchangisha.

## Programu za tawi

Kwa nini huduma kwa jamii inapewa uzito mkubwa hivi?

Kwa vyama vya Weusi jibu liko katika miaka vilipozaliwa. Wasomi Weusi walikuwa wachache mno, ubaguzi ulikuwa sheria katika majimbo mengi, na aliyepata elimu alijua kwamba wengi hawakuipata. Delta Sigma Theta ilikuwa na umri wa wiki chache tu wanachama wake walipoandamana Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Mississippi, na ningemwomba kila kiongozi wa tawi aufahamu kabla ya kupanga chochote. Mwaka 1934 wanachama wa Alpha Kappa Alpha walikwenda Mississippi kuwapa mafunzo walimu wa shule za vijijini. Huko walikuta kwamba tatizo lililotangulia masomo lilikuwa afya: watoto hawakuwa wamechanjwa, na madaktari walikuwa mbali. Basi kuanzia 1935 hadi 1942, kila kiangazi, kikosi cha kujitolea kilichoongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee kilirudi kutoa chanjo za dondakoo na ndui, kuangalia meno na kufundisha lishe. Wenye mashamba waliwashuku na hawakutaka vibarua wao waende kliniki, kwa hiyo wanawake wale walipakia dawa katika magari yao binafsi na kuwafuata watu mashambani. Vita vilipoleta mgao wa petroli, mradi ukafungwa.

Yapo mambo matatu humo. Walibadili mpango baada ya kuona hali halisi. Waliwafuata watu badala ya kuwangoja. Na walirudi kila mwaka, pale pale.

Nani anaamua programu: makao makuu au tawi?

Wote wawili. Makao makuu hutangaza maeneo ya kipaumbele, mara nyingi kwa kipindi cha uongozi wa rais aliyechaguliwa, na matawi hutakiwa kuonyesha walichofanya katika kila eneo. Zipo pia programu za kudumu ambazo hazibadiliki na uongozi. Kappa Alpha Psi ina Guide Right, ya kuwaongoza vijana katika masomo na kazi, tangu mwaka 1922. Zeta Phi Beta ilianza Stork's Nest mwaka 1972 pamoja na shirika la March of Dimes: mjamzito anayehudhuria kliniki na masomo ya uzazi hujipatia pointi, na kwa pointi hizo huchukua vitu vya mtoto. Sigma Gamma Rho, kwa kushirikiana na USA Swimming tangu 2012, ina programu ya kuogelea inayoitwa Swim 1922, kwa sababu vizazi vya Wamarekani Weusi vilizuiwa kuingia mabwawa ya umma na madhara yake bado yanaonekana katika vifo vya kuzama majini.

Tawi lina uhuru wa kuchagua namna ya kutekeleza na mambo ya nyongeza yanayohusu mji wake. Uhuru huo ni mkubwa kuliko viongozi wengi wapya wanavyodhani.

Kuna tofauti gani kati ya kujitolea na kuchangisha fedha?

Kujitolea ni kutoa muda na nguvu zako. Kuchangisha ni kukusanya fedha na kuzikabidhi kwa shirika. Vyama vingi hesabu zake huziweka katika vitabu viwili tofauti, na ni vizuri iwe hivyo.

Vyama vikubwa vya Weupe vina nguvu zaidi upande wa fedha. Kila kimoja huwa na shirika lake: Delta Gamma hushughulika na watu wenye matatizo ya kuona tangu 1936, Tri Delta huchangia hospitali ya watoto ya St. Jude, Chi Omega huchangia Make-A-Wish, shirika linalotimiza matakwa ya watoto wagonjwa sana. Mfano mkubwa ni THON ya Chuo Kikuu cha Penn State, ulioanzishwa mwaka 1973 na baraza la fratenati. Wanafunzi husimama saa 46 bila kukaa wala kulala, wakicheza, na fedha zinazopatikana huenda kwa familia za watoto wenye saratani na kwa utafiti. Tangu kuanza, umekusanya zaidi ya dola milioni 200.

Mtu aliyezoea harambee ataelewa mara moja. Lakini atakumbuka pia kwamba katika harambee ya kijijini mchangiaji humjua mwenye shida kwa jina, na shule ikishaezekwa huliona bati. Tawi linalotuma hundi kila mwaka bila mwanachama hata mmoja kumfahamu anayesaidiwa limefanya jambo jema, ila limejinyima nusu ya elimu iliyokuwemo.

Jumamosi ya kazi inakuwaje?

Chukua mfano wa ghala la chakula cha msaada, kwa kuwa ndiyo kazi ya kwanza ya wanachama wengi wapya. Mnafika saa mbili asubuhi, mkiwa na fulana za rangi za chama. Katibu wa kamati anapitisha karatasi ya mahudhurio, kila mtu anaandika jina na saa aliyoingia. Kundi moja linasimama kwenye meza ya makopo: kila kopo linageuzwa kuangalia tarehe, na lililobonyea penye mshono linatupwa hata kama tarehe yake bado. Kundi la pili linafungua magunia ya mchele na kuyagawa katika vifuko. Wa kwetu aliyezoea kupima kwa kibaba atashangaa kuona kila kifuko kinapimwa kwenye mizani hadi nukta ya mwisho.

Saa nne milango inafunguliwa, na hapo kazi hubadilika. Bibi mmoja hataki maharage ya kopo kwa sababu ya chumvi na shinikizo la damu. Baba mwingine anauliza kwa sauti ya chini kama kuna nyama isiyo ya nguruwe. Mwanachama anayejibu vizuri maswali hayo ni yule aliyewahi kuja mwezi uliopita.

Tutajuaje kama tumechagua programu inayofaa?

Ulizeni kabla ya kuchagua, na muulize watu watakaoipokea huduma. Naandika hili kwa uchungu. Niliwahi kushiriki na tawi moja katika kupaka rangi ukumbi wa kituo cha watoto. Tulikuwa thelathini na kitu, picha zilitoka nzuri, na wakati tunakusanya brashi mlezi wa kituo aliniambia kwamba ukuta ule ule ulipakwa rangi mwaka uliotangulia na tawi jingine. Alichokuwa akikiomba kwa muda wote huo ni watu wawili wa kuwasaidia watoto hesabu, jioni mbili kwa wiki. Hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo.

Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza kwamba kikao cha kwanza kifanyike kwa mwenyeji, yaani kwa wale watakaopokea huduma, si katika ukumbi wa chuo, na kiwe na swali moja kuu: ni kazi gani inabaki bila mtu kila wiki? Majibu huwa madogo na yasiyopigika picha, kama vile kumpeleka mzee kliniki, kutafsiri barua za shule au kufungua maktaba Jumapili. Hapo ndipo tawi lenye watu wa kawaida huweza kufanya jambo ambalo hakuna mwingine analifanya.

Saa za huduma zinahesabiwaje?

Kwa karatasi iliyosainiwa na mwenyeji, au kwa programu ya simu ambayo chuo kinatumia. Muda wa safari na wa vikao kwa kawaida hauhesabiwi. Saa hizi huingia katika ripoti ya tawi ya mwaka, huangaliwa na makao makuu, na huweza kukusaidia unapoomba ufadhili. Usiongeze hata dakika: mwenyeji huulizwa.

## Fedha

Ada ninayolipa inatumika kwa wahitaji?

Kwa sehemu kubwa hapana. Ada huendesha chama: bima, makao makuu, mikutano, gharama za tawi. Fedha za hisani huchangishwa kando, na vyama vingi vimeanzisha wakfu maalumu kwa kazi hiyo. Kisheria tofauti hii ina maana: mchango unaopewa wakfu uliosajiliwa kama shirika la hisani humpunguzia mchangiaji wa Marekani kodi, lakini ule unaopewa tawi lenyewe kwa kawaida haumpunguzii. Mhazini anayemwahidi mchangiaji kinyume cha hapo anamdanganya, hata kama ni kwa kutojua.

## Maswali ya wanafunzi kutoka Afrika Mashariki

Nina viza ya mwanafunzi, F-1. Ninaruhusiwa kujiunga na kujitolea?

Kujiunga hakuna kizuizi cha viza. Kinachoangaliwa ni masharti ya chama, hasa wastani wa alama, ambao katika vyama vingi haupaswi kuwa chini ya 2.5 kwa 4.0. Kujitolea bila malipo kwa shirika la hisani kunaruhusiwa vilevile.

Mpaka uko hapa: kazi ambayo kwa kawaida hulipwa mshahara haigeuki kuwa ya kujitolea kwa sababu tu hukulipwa. Kugawa chakula kanisani ni sawa. Kukaa kaunta ya duka la mwanachama mhitimu ili dukani pasipungue mtu si sawa, hata likiitwa huduma, na hata ukipewa kadi ya zawadi badala ya pesa. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kwenda kazini.

Tawi letu linaandikisha wapiga kura. Nishiriki?

Swali hili lina hatari kuliko yote katika ukurasa huu, tafadhali lisome taratibu. Kuandikisha wapiga kura ni sehemu ya roho ya vyama vya Weusi. Kampeni ya Alpha Phi Alpha ya tangu miaka ya 1930 ina maneno yanayosema kwamba watu wasio na kura ni watu wasio na tumaini. Lakini wewe si raia. Usijaze fomu ya kujiandikisha kwa namna yoyote, hata kwa mfano, hata rafiki akikuhimiza, hata karani akikupa pamoja na karatasi za leseni ya udereva. Kudai uraia usio nao, au kupiga kura, kunaweza kukufanya ufukuzwe nchini na usirudi tena.

Kuhusu kusimama mezani kuwasaidia wengine, sheria za majimbo zinatofautiana, na baadhi zimejaribu kuwazuia wasio raia. Njia salama ni kuomba kazi nyingine siku hiyo: kupanga usafiri, kupika, kutunza watoto wa wanaojitolea. Tawi lenye busara halitakulazimisha.

Tawi limeniomba nifundishe maneno ya Kiswahili kwenye Kwanzaa. Hii inahusiana vipi na huduma?

Kwanzaa, sherehe ya Wamarekani Weusi, ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, na misingi yake saba ina majina ya Kiswahili. Matawi mengi huandaa sherehe hiyo kwa ajili ya watoto wa mtaa. Msingi wa tatu, ujima, wao huuelewa kuwa ni kufanya kazi pamoja na kubebeana matatizo. Mtanzania atashtuka kidogo, kwa sababu ujima alikutana nao katika somo la historia, kama mfumo wa uzalishaji wa jamii za kale. Usiwasahihishe kwa ukali. Maana waliyoipa neno imekwisha kuota mizizi kwao, nawe unaweza kuongeza yako: waeleze msaragambo wa Upareni, au umuganda wa Rwanda, ambapo Jumamosi ya mwisho ya mwezi mtaa mzima hutoka na majembe.

Je, huduma zao zinafika Afrika?

Zinafika. Zeta Phi Beta ilifungua tawi Liberia mwaka 1948. Karibu zaidi na kwetu, Delta Sigma Theta imechangia hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick huko Thika, Kenya. Ukipewa nafasi ya kushauri mradi kama huo, tumia ujuzi wako kuuliza yale yaliyoelezwa katika swali la kuchagua programu.

## Hali zisizo za kawaida

Nitatofautishaje huduma na unyanyasaji wa wanachama wapya?

Waliosoma shule za bweni wanaijua hali hii. Tanzania mgeni anaitwa njuka, Kenya anaitwa mono, na jina lenyewe linatosha kukumbusha mengi. Vyama vya Divine Nine vilifuta rasmi mwaka 1990 kile kipindi kirefu cha majaribio kabla ya kuapishwa, lakini unyanyasaji wa kificho haukuisha, na vijana wamekufa, katika vyama vya Weusi na vya Weupe. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza hadharani matukio hayo.

Huduma ya kweli hufanywa na wote, wakubwa na wapya, mchana, kwa mwenyeji anayejulikana. Ikiwa wapya peke yao ndio wanaofua, wanaoosha magari ya wakubwa au wanaoitwa usiku wa manane, hiyo si huduma. Ondoka, kisha toa taarifa chuoni. Huwezi kupoteza viza kwa kukataa kuteswa.

Tawi letu limesimamishwa. Miradi itakuwaje?

Jina na nembo za chama haziruhusiwi kutumika, lakini wewe kama mtu binafsi unaweza kuendelea kumfundisha mtoto uliyekuwa ukimfundisha. Mjulishe mwenyeji ukweli siku hiyo hiyo, na uombe tawi la wahitimu lishike nafasi.

Napenda kazi, sitaki chama cha kindugu. Kuna njia nyingine?

Ipo. Alpha Phi Omega ilianzishwa mwaka 1925 katika Chuo cha Lafayette, Pennsylvania, kwa misingi ya skauti, na lengo lake kuu ni huduma. Tangu 1976 inapokea wanawake na wanaume.

Tunafanya kazi na watoto. Tuzingatie nini?

Mwenyeji atataka uchunguzi wa rekodi za kila mwanachama, nao huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anzeni mapema. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Picha ya mtoto haiwekwi mtandaoni bila idhini ya mzazi kwa maandishi.

Tumebaki wanachama sita. Tunaweza kutekeleza yote makao makuu yanayotaka?

Matawi ya Divine Nine mara nyingi huwa madogo, na sita si idadi ya kuonea haya. Unganeni na tawi la wahitimu kwa yale matukio ya lazima, na muda wenu uliobaki muuweke sehemu moja: shule moja, siku moja ya wiki, saa moja na nusu. Andikeni daftari lenye majina ya walimu, ufunguo unakaa kwa nani, mtoto yupi amefika ukurasa upi. Mnaohitimu Mei mkabidhi daftari hilo mwezi Machi, na mwende shuleni pamoja na anayelipokea angalau mara tatu kabla ya kuondoka.